UZI: Metali zinazokaa mwilini, utando unaozilinda, mipako inayokubaliana na mfupa, na kwa nini mshiko huamua mengi

#1 MtuWaMetali

Wakuu, heshima kwenu.

Kila mara mjadala wa vyuma vinavyowekwa mguuni au kwenye nyonga unapoibuka hapa jukwaani, wachangiaji hugawanyika pande mbili, wa titani na wa stenlesi, kisha mada hufia hapo. Naomba nifungue uzi huu kwa kudai kwamba swali hilo limeanzia pasipo pake. Mwili haugusani na metali yenyewe. Hugusana na kile kilicho juu ya metali, ambacho kinaweza kuwa utando wa nanomita tano uliojitengeneza wenyewe au mpako wa mikroni mia moja uliowekwa kiwandani (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita, na nanomita ni sehemu ya elfu ya mikroni), na tabaka hilo ndilo linaloamua kwa kiasi kikubwa iwapo kipandikizi, yaani kifaa kilichowekwa mwilini, kitadumu au kitaleta matatizo: limetokana na nini, limeshikaje, na litafanya nini siku litakapokwaruzwa.

Kwanza tuelewe mazingira yenyewe. Majimaji ya damu yana kloridi ya takriban gramu 3.6 kwa kila lita, na maji ya bahari yana gramu 19 hivi, kwa hiyo metali iliyowekwa mwilini inaishi katika kitu chenye karibu sehemu moja ya tano ya ukali wa bahari, kwa nyuzi 37 mchana na usiku, huku ikipindwa kidogo kila mgonjwa anapokanyaga. Aliyejenga karibu na ufuko wa Tanga au Mombasa anajua hewa ya chumvi inavyoyafanya mabati, na hiyo ni hewa tu. Zaidi ya hapo, kipimo cha uchachu wa mwili, yaani pH, kwa kawaida ni 7.4 (kikishuka, uchachu umezidi), lakini mara baada ya upasuaji, pale palipovilia damu, kinaweza kushuka hadi karibu 5.5, na pakiingia bakteria hali huwa mbaya zaidi.

Sasa tuitazame titani, ambayo wengi huiona kama metali tulivu. Kwa asili yake titani si tulivu hata kidogo. Katika orodha ya nguvu za kielektrokemia titani ina volti −1.63, na chuma cha kawaida kina volti −0.44 tu, maana yake titani ina hamu kubwa zaidi ya kuungana na oksijeni kuliko chuma tunachokiona kikioza uani. Kinachoiokoa ni hamu hiyohiyo. Ikigusa hewa, papo hapo hujifunika utando wa oksaidi ya titani wenye unene wa nanomita chache, ulioshikamana vizuri na usiopitisha kitu kwa urahisi. Ukiukwaruza, hujifunga tena kwa haraka mno maadamu kuna oksijeni karibu. Kutu ya chuma cha kawaida nayo ni oksaidi, ila ina matundu na hubanduka, hivyo haizuii chochote.

Per-Ingvar Brånemark wa Uswidi, alipokuwa akichunguza mzunguko wa damu kwenye mifupa ya sungura katika miaka ya 1950, aligundua kwamba vifaa vyake vya titani havikutoka tena kwa sababu mfupa ulikuwa umeota ukashikana navyo. Mwaka 1965 alimwekea mgonjwa wa kwanza mizizi ya meno ya titani, nayo ilidumu zaidi ya miaka arobaini, hadi mgonjwa huyo alipofariki. Kile kilichopokelewa na mfupa ule kilikuwa oksaidi.

Kinyume chake kipo pia. Mwaka 1907 daktari Mbelgiji Albin Lambotte aliunga mfupa wa mguu kwa bamba la magnesiamu lililokazwa kwa misumari ya chuma. Magnesiamu haina utando unaoweza kuhimili kloridi, na kugusana kwake na chuma ndani ya majimaji yenye chumvi kuliifanya iliwe kwa kasi ya betri inayofanya kazi. Ndani ya siku nane bamba lilikuwa limeharibika, na gesi ya haidrojeni ilikuwa imejaa chini ya ngozi ya mgonjwa.

Nitaendelea na mipako ya kuwekwa, lakini kwanza karibuni kwa maswali.

#2 Fundi_Chang'ombe

Mkuu, nakushukuru kwa uzi huu. Mimi ni fundi wa kuchomelea na sina ujuzi wa hospitali, ila kazi zangu nyingi ni za stenlesi: matangi, meza za jikoni na reli za ngazi. Tatizo langu ni kwamba mteja huja baada ya miezi michache akilalamika kwamba palipochomelewa pameanza kutoa kutu, wakati sehemu nyingine zote zinang'aa. Nimekuwa nikidhani kwamba nauziwa malighafi ya uongo. Je, utando unaouzungumzia unahusika?

#3 MtuWaMetali

Ndugu fundi, unahusika moja kwa moja, na swali lako ni la mada kabisa, kwa sababu mabamba na misumari ya mifupa katika nchi zetu kwa sehemu kubwa ni ya stenlesi. Misumari ya SIGN, kwa mfano, inayotolewa na shirika la SIGN Fracture Care International la Richland, jimbo la Washington, lililoanzishwa mwaka 1999 na daktari Lewis Zirkle, na ambayo hutumika pia katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili, ni ya stenlesi iliyojaa, isiyo na tundu la katikati, na sifa yake kubwa ni kwamba daktari anaweza kuifunga kwa skrubu bila mashine ya eksirei ndani ya chumba cha upasuaji. Ndani ya mfupa, msumari huo unalindwa na utando wa aina ileile inayolinda meza zako.

Stenlesi ni chuma kilichochanganywa na kromi isiyopungua asilimia 10.5. Ile ya daraja la upasuaji ina kromi asilimia 17 hadi 19, nikeli 13 hadi 15, molibdeni kuanzia 2.25 hadi 3, na kaboni isiyozidi 0.03. Kromi ndiyo inayojenga utando, ambao ni oksaidi ya kromi yenye unene wa nanomita moja hadi tatu, na molibdeni huusaidia utando huo kustahimili kloridi. Sasa, unapochomelea, mambo mawili hutokea. Kwanza, zile rangi za dhahabu na buluu zinazojitokeza pembeni mwa weldi ni oksaidi nene iliyoota kwa moto, ambayo imenyonya kromi kutoka kwenye metali iliyo chini yake, hivyo umebakiwa na tabaka lenye kromi pungufu. Pili, kama kaboni ni nyingi, kati ya nyuzi 450 na 850 hujishika na kromi kwenye mipaka ya chembechembe za metali, na mipaka hiyo hubaki bila ulinzi. Kwa sababu hiyo madaraja yenye herufi L hutengenezwa kwa kaboni kidogo.

Kuna na jambo la tatu, ambalo nahisi ndilo lako: je, brashi ya waya unayotumia kusafishia weldi ni ileile unayotumia kwenye chuma cha kawaida? Ikiwa ndivyo, unapaka chembe za chuma juu ya stenlesi, na kutu unayoiona ni ya chembe hizo, ingawa baadaye hufungua njia ya vishimo kwenye stenlesi yenyewe. Tenga brashi ya stenlesi na jiwe la grainda lisiloguswa na kitu kingine.

Kiwandani, baada ya kuondoa zile rangi, kazi huzamishwa kwenye asidi ya naitriki ya asilimia 20 hadi 45 kwa muda usiopungua nusu saa, au kwenye asidi ya sitriki ya asilimia 4 hadi 10 iliyopashwa moto. Asidi haiweki kitu chochote juu. Huondoa chuma huru na kuiacha kromi, kisha oksijeni ya hewani humaliza kazi. Sitriki ni salama zaidi kwa karakana zetu. Zile pasta za kusafishia weldi ambazo nyingi huwa na asidi ya haidrofloriki, tafadhali usiziguse bila mafunzo, kwa sababu asidi hiyo hupenya ngozi bila maumivu makali mwanzoni na kuifuata kalisi hadi kwenye mfupa.

Ukitaka kuhakiki, yeyusha mrututu kwenye maji yaliyotiwa asidi ya salfuriki kidogo, ulowanishe sehemu hiyo kwa dakika sita. Penye chuma huru patajitokeza doa la shaba jekundu. Usifanye hivyo kwenye sehemu itakayogusa chakula.

#4 Muuguzi_Kanda

Naomba niingie hapo hapo. Mimi ni muuguzi katika hospitali ambayo sitaitaja. Mikasi na koleo zetu za upasuaji zinaoza kwa kasi ya kutisha, hata zile zilizonunuliwa hivi karibuni, na tumefundishwa kuziloweka kwenye maji ya klorini ya asilimia 0.5 kabla ya kuziosha. Siku zenye wagonjwa wengi zinaweza kukaa humo tangu asubuhi hadi zamu inayofuata. Uongozi unamlaumu msambazaji wa vifaa, naye analaumu maji yetu. Nani mwenye haki?

#5 MtuWaMetali

Dada muuguzi, bila kuviona vifaa siwezi kumtakasa msambazaji, lakini saa hizo za kulowekwa zinatosha kabisa kuharibu hata kifaa kizuri. Mikasi na koleo nyingi si za stenlesi niliyoieleza hapo juu. Ili zishike makali na ziwe ngumu, hutengenezwa kwa stenlesi ya madaraja ya 410 na 420, yenye kromi karibu asilimia 13 na isiyo na nikeli ya maana, na utando wake ni dhaifu zaidi. Haipokloriti, ambayo ndiyo dawa iliyomo kwenye maji yenu ya klorini, ni kioksidishaji kikali, na ikishatumika huacha kloridi. Kloridi hutafuta mahali dhaifu, hasa kwenye bawaba na kwenye meno ya koleo, na hapo kishimo kinachoanza huwa na tabia ya kujilisha chenyewe: ndani yake oksijeni hukosekana, utando hauwezi kujifunga, ayoni za metali huvuta kloridi zaidi, uchachu hupanda, na kishimo huendelea kwenda chini huku juu pakionekana tundu dogo kama ncha ya sindano.

Utaratibu wa zamani ulikuwa dakika kumi tu kwenye klorini, kisha kusuuza mara moja. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2016 kuhusu kutakasa vifaa haupendekezi tena kuviloweka kwenye klorini kabla ya kuviosha. Unapendekeza damu isiachwe ikauke, vifaa vioshwe kwa sabuni maalumu, visuuzwe, vikaushwe, ndipo viingie kwenye mashine ya mvuke. Mwoshaji avae vifaa vya kujikinga, kwa kuwa ulinzi wake ndio uliokuwa hoja ya kuloweka tangu awali. Jambo jingine: kifaa kimoja chenye kutu kikiingia kwenye mashine pamoja na vizima, madoa huhamia kwa vingine. Kitengeni.

#6 Bin_Kisauni

Ndugu mwandishi, shukrani kwa maelezo. Nina swali la ubishi kidogo. Ikiwa utando wa titani unajitengeneza wenyewe, unajiponya wenyewe, na mfupa unaupokea, kuna haja gani ya viwanda kuweka mipako mingine juu yake na kuongeza bei? Mimi naona kama tunauziwa kanzu juu ya kanzu.

#7 MtuWaMetali

Ubishi wako ni wa haki, na katika baadhi ya bidhaa nakubaliana nawe. Lakini kuna jambo moja ambalo utando wa titani haulifanyi haraka, nalo ni kuuita mfupa. Mfupa huipokea oksaidi ya titani kwa miezi, na katika miezi hiyo shina la nyonga bandia lililopigiliwa kwenye mfupa wa paja bila saruji ya upasuaji linapaswa kutulia kabisa. Likichezacheza, mwili hujenga tishu laini kati yake na mfupa, na shina halishiki tena. Kwa hiyo waliobuni mipako walitafuta kitu ambacho mfupa utakiona kuwa ni ndugu yake, na sehemu kubwa ya uzito wa mfupa ni madini ya fosfati ya kalisi yanayokaribiana sana na haidroksiapatiti, yenye uwiano wa kalisi kwa fosforasi wa 1.67. Mwaka 1985 Ronald Furlong wa London alianza kuweka mashina ya nyonga yaliyopakwa madini hayo, na Rudolph Geesink wa Uholanzi akafuata mwaka 1986.

Naomba nikae kidogo kwenye namna yanavyopakwa, maana hapo ndipo mambo yote mazuri na mabaya yanapotokea. Shina la titani kwanza hupigwa chembe ngumu za alumina (oksaidi ya alumini) kwa hewa yenye shinikizo hadi uso wake uwe na makovu ya mikroni kadhaa. Kisha huja bunduki ya plazma, yaani gesi iliyopashwa moto hadi ikapitisha umeme: ndani yake kuna tao la umeme kati ya ncha ya tangsteni na mdomo wa shaba, gesi ya argoni hupitishwa katikati, na joto lake hupita nyuzi 10,000. Unga wa haidroksiapatiti hutupwa kwenye ulimi huo wa moto, kila punje huyeyuka kwa sehemu, hukimbia kwa kasi kubwa, hugonga titani, hutandazika kama chapati na kuganda papo hapo. Mamilioni ya chapati hizo zikilaliana ndipo unapopata mpako wa mikroni 50 hadi 200.

Utaona mara moja tatizo lililopo. Haidroksiapatiti huanza kuvunjika karibu na nyuzi 1,400. Ndani ya ulimi wa plazma baadhi ya punje hupoteza maji yake na kugeuka kuwa fosfati nyingine za kalisi, hata oksaidi ya kalisi, ambayo ni chokaa, na nyingine huganda haraka kiasi kwamba fuwele hazipati nafasi ya kujipanga. Sehemu hizo zisizo na fuwele huyeyuka mwilini mapema. Kuyeyuka kidogo kuna faida, kwa kuwa kalisi na fosfati zinazoachiliwa huusisimua mfupa uote. Kuyeyuka sana huufumua mpako. Kwa hiyo kiwango cha kimataifa cha ISO 13779-2 hudai fuwele zisizopungua asilimia 45, na uwiano wa kalisi na fosforasi kati ya 1.67 na 1.76.

Kisha huja suala la mshiko, ambalo kwangu ndilo linalotenganisha kazi nzuri na kanzu yako ya maonyesho. Titani na haidroksiapatiti hazitanuki sawa zinapopata joto, na madini hutanuka zaidi. Vikipoa pamoja baada ya kupuliziwa, mpako hutaka kusinyaa kuliko titani inavyouruhusu, nao hubaki umevutika, ukisubiri sababu ya kupasuka. Kadiri mpako unavyokuwa mnene, ndivyo nguvu iliyofungiwa ndani yake inavyoongezeka. Kwa hiyo msomaji akiambiwa kwamba kipandikizi fulani ni bora kwa kuwa mpako wake ni mnene zaidi, aulize mara mbili. Mshiko hupimwa kwa kugundisha kipande cha duara kwenye mpako kwa gundi kali na kukivuta wima hadi king'oke, na kiwango hicho kinataka wastani usiopungua megapaskali 15. Kwa kipande chenye kipenyo cha sentimita 2.5, hiyo ni sawa na kuning'iniza uzito wa kilo 750 hivi. Matokeo hayatoshi kuwa namba tu. Mpimaji hutazama pia palipoachana. Kama mpako umeng'oka wote ukaiacha titani mtupu, kosa liko kwenye maandalizi ya uso, na mara nyingi chanzo chake ni mafuta ya vidole au vumbi la alumina lililobaki.

Je, mpako huu unadumu milele? Haudumu, wala haukusudiwi. Baada ya miaka, sehemu yake huliwa na seli zilezile zinazokula na kujenga upya mfupa wa kawaida. Shina lililobuniwa vizuri huwa na uso wa titani wenye makovu au vinyweleo (vitundu vidogo) chini ya mpako, ili mpako ukiisha, mfupa uwe tayari umeshika titani. Shina lenye titani laini chini ya mpako ni la kutilia shaka. Hapo, Bin Kisauni, kanzu ya ndani ina kazi kuliko ya nje.

#8 Mwanamaabara

Mkuu, nyongeza kidogo. Umeeleza plazma kana kwamba ndiyo njia pekee. Zipo njia za majimaji ambazo hazihitaji joto la kutisha, na kwa maabara za vyuo vyetu ndizo zinazowezekana.

#9 MtuWaMetali

Ni kweli, na ninayoipenda zaidi ni ya Tadashi Kokubo wa Chuo Kikuu cha Kyoto. Huloweka titani kwenye magadi makali ya sodiamu haidroksaidi, moli 5, yaani gramu 200 kwa lita, kwa nyuzi 60 kwa saa 24, halafu huipasha nyuzi 600 kwa saa moja. Hakuna mpako uliowekwa. Uso wa titani wenyewe umegeuka kuwa titaneti ya sodiamu yenye vinyweleo. Ikiingia kwenye majimaji yanayofanana na ya mwili, sodiamu hutoka, uso huvuta kalisi kisha fosfati, na apatiti inayofanana na ya mfupa huota juu yake yenyewe. Kwa kuwa tabaka hilo limezaliwa kutoka ndani ya metali na mabadiliko yake ni ya polepole kwenda chini, hakuna mpaka mkali wa kubandukia. Njia hii ilianza kutumika kwa wagonjwa wa nyonga nchini Japani mwaka 2007.

Tahadhari kwa wanafunzi wanaopenda kuripoti kwamba sampuli yao imeota apatiti ndani ya majimaji ya Kokubo: majimaji hayo si damu. Yana kloridi milimoli 147.8 kwa lita wakati plazma ya damu ina 103, na baikaboneti 4.2 badala ya 27, na hayana protini wala seli. Apatiti ikiota humo ni dalili njema, haijawa ushahidi wa kupokelewa na mfupa ulio hai.

#10 Bin_Kisauni

Umenishawishi nusu. Na zile skrubu za titani zenye rangi za buluu, dhahabu na kijani, hizo nazo ni mpako wa kulinda au ni urembo?

#11 MtuWaMetali

Hakuna rangi iliyopakwa pale. Titani hutumbukizwa kwenye majimaji yanayopitisha umeme ikiwa upande chanya, na oksaidi yake hunenepa takriban nanomita mbili kwa kila volti. Mwanga unaoakisiwa juu ya oksaidi na ule unaoakisiwa chini yake huingiliana, nasi tunaona rangi: karibu volti 30 ni buluu, karibu 60 ni ya dhahabu. Kwa sehemu kubwa rangi hutumika ili msaidizi wa daktari asikosee ukubwa wa skrubu. Unene ulioongezeka una faida ndogo ya kinga, lakini muuzaji akikuambia kwamba ya dhahabu ni imara kuliko ya buluu, anakuuzia rangi.

Ya dhahabu isichanganywe na naitraidi ya titani, ambayo nayo ina rangi hiyo na ni mpako kweli, mgumu, unaowekwa ndani ya chumba kisicho na hewa. Kwenye ncha za kekee unafanya kazi nzuri sana. Kwenye vichwa vya nyonga vinavyosuguana kila hatua una historia yenye mashaka, kwani kuna vilivyotolewa mwilini mpako ukiwa umebanduka, na vipande vigumu vilivyobanduka hugeuka msasa kati ya kichwa na kikombe. Hapo naona busara ya njia ya zirkoniamu: aloi yake (mchanganyiko wa metali) yenye niobiamu asilimia 2.5 hupashwa kwenye hewa kwa nyuzi 500 hivi hadi uso wake ugeuke kuwa oksaidi nyeusi yenye unene wa mikroni tano, ngumu kama kauri na isiyo na mpaka mkali. Hata hiyo ina udhaifu wake: nyonga ikiteguka na kichwa kikakwaruzwa kwenye ukingo wa metali, chini ya oksaidi kuna metali laini, nayo huchimbika.

#12 Muuguzi_Kanda

Mtaalamu, kinachotusumbua wodini si kutu bali usaha. Mifupa iliyovunjika ikatoboa ngozi, hasa ya ajali za pikipiki, inafungwa vyuma na baada ya muda inatoa maji. Kuna mpako wa kuzuia hilo?

#13 MtuWaMetali

Ipo, na inafanya kazi kwa kiasi. Tangu mwaka 1987 Anthony Gristina alieleza kwamba juu ya kila kipandikizi kuna mashindano kati ya seli za mwili na bakteria, na atakayetangulia kuushika uso ndiye anayeumiliki. Bakteria kama stafilokoka wakitangulia hujijengea utando wa ute, na dawa za antibiotiki za kumeza au za mshipa hupenya humo kwa shida sana. Kwa hiyo kuna misumari ya mguu iliyopakwa polima (aina ya plastiki) inayoyeyuka yenye antibiotiki ya jentamaisini ndani yake, ambayo huachilia sehemu kubwa ya dawa siku za mwanzo, wakati mashindano yakiwa makali. Nchini Ujerumani vipandikizi vikubwa vya wagonjwa wa saratani ya mifupa hupakwa fedha, kwa sababu ayoni za fedha huua bakteria wengi, ingawa baadhi ya wagonjwa ngozi yao karibu na kipandikizi hubadilika rangi ikawa ya kijivu.

Hata hivyo, dada muuguzi, sipendi mtu atoke hapa akiamini kwamba mpako unaweza kuchukua nafasi ya kuosha kidonda mapema na kuondoa tishu iliyokufa. Jentamaisini iliyo juu ya msumari haifiki kwenye udongo uliobaki ndani ya misuli. Kwa bajeti za hospitali zetu, ningepeleka shilingi ya kwanza kwenye maji safi ya kuoshea vidonda na kwenye antibiotiki ya sindano saa ya kwanza, na ya mpako ningeifikiria baadaye.

#14 Fundi_Chang'ombe

Nashukuru, brashi nimetenga. La mwisho kutoka kwangu: mdogo wangu ana bamba la stenlesi mkononi, sasa amepona. Watu wanamwambia lazima litolewe kwa kuwa litaoza. Je, ni kweli?

#15 MtuWaMetali

Uamuzi wa kutoa ni wa daktari wake, naye huangalia umri, maumivu, mahali bamba lilipo na hatari ya kuujeruhi mshipa wa fahamu wakati wa kulitoa. Upande wa uso wa metali nasema hivi: bamba la stenlesi ya daraja la upasuaji halitaoza kama bati, lakini likitolewa, mahali pa kutazama ni chini ya vichwa vya skrubu. Pale skrubu na bamba hukwaruzana kila mkono unapopinda, utando huvunjika tena na tena, mwanya ni mwembamba kiasi kwamba oksijeni haiufikii vizuri, na vishimo huanza hapo kabla ya mahali pengine popote. Ayoni za nikeli zinazoachiliwa ni kidogo, na kwa watu wengi hazileti shida, ila mwenye mzio wa nikeli, yule ambaye hereni za bei nafuu humtoa vipele, amweleze daktari kabla ya kuwekewa chochote.

Likitolewa, lisirudishwe kwa mgonjwa mwingine, hata likiwa linang'aa, kwa kuwa mikwaruzo na nyufa ndogo za uchovu wa metali hazionekani kwa macho. Na kama litabaki, mdogo wako aombe faili lake apige picha ya maelezo ya kipandikizi: vile vinavyotoka kiwandani vikiwa ndani ya pakiti yake huja na stika zinazoonyesha aina ya metali, mtengenezaji na namba ya toleo. Akihitaji upasuaji mwingine miaka ijayo katika hospitali nyingine, daktari atajua asiongeze skrubu za metali tofauti kwenye bamba lililopo, na ataandaa bisibisi inayolingana na vichwa vya skrubu zile.